HOMA YA CHANJO NA DAFTARI LA MAHUDHURIO

Wenzangu watumishi wa Serikali, naomba nafasi katika jarida letu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu twalijua nyumbani lakini hatulisemi kazini, nalo ni homa impatayo mhudumu wa afya baada ya kuchanjwa. Mimi si mganga wala muuguzi. Ni karani, na kazi yangu ni daftari, faili na barua. Walakini kwa miaka kadhaa nimetunza daftari la mahudhurio katika kituo kimoja cha tiba humu mjini, na katika daftari hilo nilifanya kosa ambalo hata leo lanisumbua. Ndiyo sababu naandika.

Nyumbani kwangu ni Keko. Aijuaye Keko ajua kuwa ni mtaa wa maseremala: tangu asubuhi hata magharibi husikia randa na misumeno, na vitanda na makochi hupangwa kando ya njia yakingoja wanunuzi. Karibu nasi iko Bohari ya Dawa, ambako dawa za hospitali za nchi nzima huwekwa kabla ya kupelekwa mikoani. Katika nyumba niliyopanga, chumba cha pili alikaa muuguzi, mama wa watoto wawili, ambaye wapangaji wote twamwita Sista. Yeye nami tulifanya kazi mahali pamoja.

Mwezi wa Agosti 2021 Sista alichanjwa chanjo ya korona, siku ya Alhamisi alasiri. Usiku akashikwa na homa, baridi ikamtetemesha, kichwa kikamgonga na viungo vikamwuma. Alfajiri akagonga mlango wangu akasema, "Kaka, leo siwezi." Nami nikamwuliza kwa sauti ya ofisi, "Una cheti cha daktari?" Akajibu, "Nitakipata wapi saa hizi? Ni sindano ya jana tu, kesho itakwisha." Nikamwambia, "Daftari lina nafasi tatu: aliyepo, aliye likizo, na mgonjwa mwenye cheti. Homa ya chanjo haimo. Nikiacha mahali pako wazi utahesabiwa mtoro." Yule dada hakubishana nami. Alimeza vidonge viwili vya kutuliza homa, akavaa sare yake, akaenda kazini.

Ilipofika saa nne, akiwa mbele ya wagonjwa waliopanga mstari, alizidiwa na mtetemo, akaketi sakafuni. Wenzake wakamwinua wakamlaza kwenye benchi. Hayo tu ndiyo yaliyotokea, na Jumamosi aliamka mzima. Lakini habari ilikwisha kutangulia Keko kwa simu za mkononi. Jioni ile ilisemwa kuwa chanjo imemwangusha muuguzi. Kesho yake ikasemwa kuwa amepooza. Siku ya tatu watu wawili walikuja nyumbani kutoa pole ya msiba, wakamkuta marehemu akianika nguo uani.

Tulicheka siku ile, lakini kicheko hakikudumu. Wazee watatu wa karakana ya jirani walikuwa wamekwisha patana kwenda kuchanjwa Jumamosi hiyo. Wote watatu waligeuza nia. Mmoja wao, mwenye ugonjwa wa kisukari, alishikwa na korona mwisho wa mwaka ule, akalazwa siku nyingi akipumua kwa msaada wa oksijeni. Alitoka hai, lakini randa hakuishika tena. Mimi sisemi kwamba kama angalichanjwa asingaliugua, maana chanjo ile haikuahidi hivyo. Nasema tu kwamba alifanya shauri lake kwa habari ya uongo, na uongo ule ulizaliwa kwa sababu mtu mwenye homa alilazimishwa kusimama mbele ya watu na kujifanya mzima. Aliyemlazimisha ni mimi na daftari langu.

Tukumbuke kwanza jinsi mambo yalivyokuwa. Tangu Mei 2020 Serikali yetu ilikuwa imeacha kutangaza hesabu za wagonjwa wa korona, na Januari 2021, huko Chato, Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa hana imani na chanjo hizo. Baada ya kifo chake Machi 2021 shauri likabadilika. Tarehe 24 Julai 2021 zilifika dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen kutoka Marekani kwa njia ya mpango wa COVAX, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya watu wote hapa Dar es Salaam. Waliotangulizwa kuchanjwa walikuwa wahudumu wa afya, watu wazima wa miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi ya kudumu. Ilikuwa kwa hiari.

Basi mtazame mtumishi wa afya alivyowekwa. Mwezi wa Januari alisikia kuwa chanjo si kitu cha kuaminiwa. Mwezi wa Julai akaambiwa awe wa kwanza. Yeye ni mtumishi, na mtumishi hufuata mwongozo. Lakini yeye pia ni mtu, na mtu akishikwa na homa usiku hujiuliza maswali. Aliyehitaji maelezo mengi kuliko wote ndiye aliyedhaniwa kuwa anajua yote.

Sasa niseme kile nilichojifunza baada ya kosa langu, kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaojua.

Mwili wa mtu una ulinzi wa namna mbili. Namna ya kwanza ni kama walinzi wa zamu walioko langoni: kitu kigeni kikiingia, chembe nyeupe za damu hukikimbilia papo hapo, hata kama hazikijui ni nini. Chembe hizo hutoa ujumbe ndani ya damu, na ujumbe ukifika katika ubongo, ubongo hupandisha joto la mwili. Hapo ndipo hutokea homa, baridi, uchovu na maumivu ya viungo. Na mahali pa sindano huvimba, pengine na mtoki hutokea kwapani. Yote haya huanza katika saa chache na kwa kawaida hayapiti siku mbili au tatu. Namna ya pili ni kama askari wapelelezi: hujifunza sura ya adui polepole, kisha hutengeneza silaha za kumfaa adui yule peke yake, ambazo wataalamu huziita kingamwili, na baadhi yao hubaki wakiikumbuka sura hiyo kwa muda mrefu. Kazi hii ya pili huchukua majuma kadhaa. Ndiyo maana waliopima nguvu ya chanjo ya Janssen walianza kuhesabu kinga baada ya siku 14, na tena baada ya siku 28, wala si kesho yake.

Kwa hiyo homa ya Sista haikuwa korona. Katika chanjo ile hapakuwa na kirusi cha korona kizima, wala kilichokufa. Palikuwa na kirusi kingine cha jamii ya mafua, kilichofanywa kisiweze kuzaana, ambacho kilibeba maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi cha korona, kile ambacho mwili hukitumia kumtambua adui. Homa ile ilikuwa sauti ya walinzi wa langoni wakiamka.

Je, homa hiyo huwapata wangapi? Katika jaribio kubwa la chanjo hiyo, kwa kila watu 100 waliochanjwa, 49 hivi waliumwa mahali pa sindano, 39 waliumwa kichwa, 38 waliona uchovu, 33 waliumwa misuli, na 9 walipata homa. Wenzangu makarani, fanyeni hesabu. Wodi yenye wauguzi 20 ikichanjwa siku moja, watakaoshikwa na homa ni kama wawili, na wanaoumwa kichwa ni kama wanane, wengi wao wakiweza kufanya kazi. Hii ndiyo hasara ya kazi tuliyoiogopa hata tukamlazimisha mgonjwa kusimama!

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Afrika Kusini. Huko, kuanzia tarehe 17 Februari hata tarehe 17 Mei 2021, wahudumu wa afya 477,234 walichanjwa chanjo hiyo hiyo ya Janssen katika utafiti ulioitwa Sisonke. Waliambiwa mapema kwamba wakiona dalili yoyote watoe taarifa. Zikaja taarifa 10,279. Nyingi zilikuwa za kuumwa kichwa na mwili, maumivu ya sindano na homa, na nyingi zilianza katika saa 48 za kwanza. Vijana walitoa taarifa kuliko wazee, na wanawake kuliko wanaume. Kati ya taarifa hizo, 138 zilihesabiwa kuwa za mambo mazito au ya kuangaliwa sana. Hizo ni kama tatu kwa kila watu 10,000 waliochanjwa.

Katika hizo chache, wawili walipatwa na damu kuganda pamoja na kupungukiwa na chembe zinazozuia damu kutoka, na wanne walipatwa na udhaifu wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré. Sitaki kuyaficha haya, maana ni maradhi ya kweli na yaweza kuua. Marekani nayo, tarehe 13 Aprili 2021, ilisimamisha chanjo hiyo baada ya kuona watu sita wenye ugonjwa huo wa damu kati ya dozi zaidi ya milioni sita, ikachunguza, ikatoa onyo, na baada ya siku 10 ikaruhusu tena. Na upande wa pili wa mizani tuuweke pia: wahudumu wa Sisonke walipolinganishwa na watu wasiochanjwa, kulazwa hospitalini kwa ajili ya korona kulipungua kwa asilimia 67, na vifo kwa asilimia 83.

Mtu mwenye akili akipewa mizani hiyo yote, pande zote mbili, aweza kupima mwenyewe. Akipewa upande mmoja tu hushuku kuwa upande wa pili umefichwa, na shuku yake ina haki. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi Keko kilio kilikuja kutoa pole kwa marehemu aliye hai.

Kuna jambo jingine ambalo wahudumu wenyewe huambiana, nalo huenda kinyume. Wengine husema, "Mimi sikupata homa, basi chanjo yangu haikushika." Wazo hili lina asili yake. Wazee wetu walipochanjwa ndui, mganga aliwatazama mkono baada ya siku kadhaa: kama kidonda kimetoka, chanjo imeshika, kama hakikutoka, huchanjwa tena. Kovu lilikuwa cheti kilichoandikwa katika ngozi. Chanjo za siku hizi nyingi haziachi cheti cha namna hiyo, na kwa kuwa mtu hutaka ishara, huishika homa kuwa ndiyo ishara.

Lakini homa si kipimo cha kuaminiwa. Ni kweli kwamba baadhi ya watafiti wameona kuwa waliopata baridi na uchovu walikuwa na kingamwili nyingi zaidi kidogo. Walakini wasioona kitu nao walipata kinga nzuri, maana walinzi wa langoni waweza kufanya kazi bila kelele. Tazameni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Chanjo hiyo mara nyingi haileti homa, illa maumivu ya mkono tu. Hata hivyo sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu ilipotimia miezi sita, huwapa kinga watu wazima zaidi ya 90 katika kila 100. Kama homa ingalikuwa kipimo, tungalisema chanjo hiyo haifai kitu.

Tena homa yenyewe yaweza kutokea pasipo chanjo. Wataalamu walikusanya majaribio 12 ya chanjo za korona, ambamo nusu ya watu walipewa sindano isiyo na dawa bila kuambiwa. Katika hao waliopewa sindano tupu, 35 katika kila 100 walisema baada ya sindano ya kwanza kwamba wameumwa kichwa au wamechoka au wamepata dalili nyingine za mwili. Hawakusema uongo. Mtu akiingojea dalili, mwili huitafuta. Na kuumwa kichwa ni jambo la kila siku, hasa kwa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Hili lisitufanye tuwadharau wanaolalamika, bali litufundishe kuwa hofu nayo ni mzigo mwilini, na dawa ya hofu ni maelezo.

Nataka sasa nimtaje mtu mmoja wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, maana maisha yake yafundisha kuliko hotuba. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 aliwaonyesha njia wagonjwa wawili wa ndui waliopelekwa kutengwa, akakaa nao katika gari kwa dakika chache. Akaambukizwa. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi ya muda katika kampeni ile ile ya kuwachanja watu, lakini yeye mwenyewe aliikwepa sindano kwa sababu aliona yauma. Alipona, naye akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 ikatangazwa kuwa ndui imekwisha ulimwenguni. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya kupooza, akienda nyumba kwa nyumba na kuwaeleza wazazi habari ya kosa lake, hata alipofariki mwaka 2013 kwa malaria akiwa katika kazi hiyo.

Mambo mawili nayaona katika habari hiyo. La kwanza, aliyeogopa maumivu ya sindano hakuwa mjinga wa kijijini. Alikuwa mtu wa hospitali aliyeona kila siku jinsi wengine walivyochanjwa. Kukaa karibu na dawa si sawasawa na kuelezwa dawa. Sisi wa Keko tulio jirani na Bohari ya Dawa twalijua hilo vizuri. La pili, alikuwa mpishi. Tunaposema wahudumu wa afya, twawafikiria madaktari na wauguzi, tukawasahau mpishi, mfagiaji, dobi, mlinzi, dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa chumba cha maiti, na karani apokeaye kadi dirishani. Maradhi hayaulizi cheo.

Baadhi ya wenzangu watasema, "Korona imepita, mbona waamsha yaliyolala?" Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura ya korona imekwisha. Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Kagera ilipatwa na ugonjwa wa Marburg, na miongoni mwa waliougua walikuwamo wahudumu wa afya. Mashariki ya Kongo, kuanzia Agosti 2018 hata Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, wahudumu wa afya wakiwamo. Uganda nayo ilianza kuwachanja wahudumu wake wa mpakani Novemba 2018, kabla ugonjwa haujavuka. Chanjo ile ya Ebola huleta homa na maumivu ya viungo kwa wengi. Fikirini basi: muuguzi aliye katika wodi ya Ebola apata homa siku moja baada ya chanjo. Je, ni homa ya chanjo au ni mwanzo wa ugonjwa? Hawezi kujua kwa kusimama wodini na vidonge mfukoni. Akitulia mahali pake, akapimwa, akaandikwa, yeye na wagonjwa wake wote wamesalimika. Akificha, wote wamo hatarini. Kwa hiyo mapumziko ya siku moja si upole tu kwa mtumishi. Ni sehemu ya ulinzi wenyewe.

Basi natoa mashauri manne, na naomba chama chetu kiyafikishe kunakohusika.

Shauri la kwanza ni la daftari. Iongezwe nafasi ya nne katika daftari la mahudhurio: mapumziko ya baada ya chanjo. Mtumishi aliyechanjwa kazini, akishikwa na homa, apewe siku moja bila kutakiwa cheti, kwa kuwa tarehe ya chanjo yenyewe ni cheti tosha. Homa ikizidi siku mbili au tatu, au ikija na kikohozi, hapo aende akapimwe, maana huenda si chanjo. Na akiona kichwa kikali kisichotulia, maumivu ya kifua au tumbo, mguu kuvimba, au pumzi kupungua katika majuma matatu ya kwanza, asingoje kabisa.

Shauri la pili ni la zamu. Wafanyakazi wa wodi moja wasichanjwe wote siku moja. Wagawanywe mafungu mawili au matatu, na wachanjwe siku ambayo kesho yake hawana zamu. Kazi hii haitaki fedha. Yataka karani na Matroni waketi nusu saa na orodha ya zamu. Wasemao kwamba wauguzi watageuza mapumziko kuwa mchezo, nawakumbusha hesabu ya wodi ile ya watu 20: wenye homa ni wawili. Na hata mvivu mmoja akiponyoka katikati yao, hasara yake ni ndogo kuliko ya wazee watatu walioghairi njiani.

Shauri la tatu ni la taarifa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo. Lakini taarifa nyingi hufia katika droo, kwa kuwa mhudumu aona haya kujiandika mgonjwa, au aogopa kuambiwa kuwa anapinga chanjo. Wasemao kwamba kuandika madhara kutatisha watu, wautazame mfano wa Sisonke: taarifa zaidi ya elfu kumi ziliandikwa, zikahesabiwa, zikachapishwa, na ndizo zinazonipa mimi karani wa Keko ujasiri wa kusema kwamba madhara makubwa ni machache. Kama hakuna aliyeandika, ningelisema kwa kutumia nini? Ukimya hauwezi kutolewa ushahidi. Tena aliyetoa taarifa ajibiwe. Barua isiyojibiwa humfundisha mtu asiandike tena. Jambo hili sisi wa masjala twalijua kuliko watu wote.

Shauri la nne ni la homa ya ini. Watoto wa nchi hii walianza kuchanjwa homa ya ini aina ya B mwaka 2002. Kwa hiyo mtumishi yeyote aliyezaliwa kabla ya mwaka huo, na ndio wengi wetu, hakuipata utotoni. Mhudumu asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotoka kwa mwenye ugonjwa huo, hatari ya kuambukizwa yaweza kufika watu 6 hata 30 katika kila 100. Yapasa kila aingiaye kazi ya hospitali, pamoja na mfagiaji na dobi, apewe sindano zote tatu bila malipo, kisha baada ya mwezi mmoja au miwili apimwe damu. Akionekana na kingamwili za kipimo cha 10 au zaidi, imeandikwa katika faili lake na ameondokewa na wasiwasi. Akionekana hana, arudiwe sindano. Wako wachache ambao mwili wao hauitiki hata mara ya pili, na hao wana haki ya kujua, ili siku wakichomwa watafutiwe msaada upesi. Hapa ndipo twaweza kumpa mtumishi kipimo cha kweli cha kinga yake, mahali pa kubahatisha kwa homa.

Nimesikia pia watu wakisema kuwa haya ni mambo ya waganga, na karani hana neno ndani yake. Nami nilidhani hivyo alfajiri ile nilipomwuliza Sista cheti. Lakini mganga huchoma sindano mara moja tu. Kinachofuata hushikwa na sisi. Ni karani aandikaye nani alikuwapo na nani hakuwapo, ni karani afunguaye barua au kuiacha, ni karani anayetengeneza safu za daftari na kuamua nini kina mahali pa kuandikwa na nini hakina. Kitu kisicho na safu huonekana kana kwamba hakikutokea.

Sista alihamishiwa mkoa mwingine mwaka jana. Siku alipofunga mizigo nilimwomba radhi kwa habari ya siku ile. Akacheka akasema, "Kaka, homa ilikwisha siku ya pili. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa waniona natetemeka, na bado ukanionyesha kitabu." Sikuwa na jibu. Tangu hapo katika daftari langu nimepiga mstari kwa rula, upande wa kulia, nikaandika juu yake kwa mkono: Baada ya Chanjo. Sikupewa ruhusa ya kuupiga, na yamkini mkaguzi atakuja kuniuliza habari zake. Nitamjibu. Lakini ingalikuwa vyema zaidi kama mstari huo ungalichapwa katika madaftari yote, ili karani mwingine asihitaji kuupiga kwa siri, wala muuguzi mwingine asitetemeke mbele ya mlango.

Nakoma hapa, nikiwaomba wenzangu wa hospitali na zahanati waandike nao, hata kama ni kunipinga.

Ni mimi, karani mwenzenu, Keko.